Mchanga wa Kasai na Deni la Wavuvi

Jumapili moja ya kiangazi, katika wiki mbili ambazo semina ilinipeleka Tokyo, mwenyeji wangu alinialika kwenda ufukweni pamoja na familia yake. Nilidhani tungesafiri mbali. Tokyo niliyokuwa nimeiona hadi siku hiyo ilikuwa ya saruji, vioo na treni za chini ya ardhi, na sikuwa nimeona mchanga popote. Tulikuwa watano: yeye, mkewe, binti yao mdogo, baba mkwe wake na mimi. Tulipanda treni ya njia ya Keiyo kwenye kituo kikuu, na kabla mtoto hajamaliza tonge lake la wali lililoviringishwa kwa mwani, tulikuwa tumekwisha kuteremka Kasai Rinkai, mashariki ya jiji.

Kutoka kituoni, njia pana inakupeleka moja kwa moja baharini. Unapita chini ya miti, unaliona gurudumu kubwa la kupandia watu lenye kimo cha mita 117, unaliona kuba la vioo la jumba la samaki, kisha unavuka daraja refu na kukanyaga mchanga. Ufukwe ulikuwa umejaa. Familia zilikuwa zimetandika mikeka na kusimamisha vihema vidogo vya kujikinga na jua. Watoto walibeba ndoo, na bibi vizee wenye kofia pana walikuwa wameinama wakichimbua kombe, maana maji yalikuwa yamekupwa. Hapakuwa na mlango wa kulipia. Hakuna aliyetuuliza tulikotoka wala tulichonacho mfukoni.

Msomaji wangu atanisamehe, kwa kuwa ualimu wa historia ni maradhi. Watu wengine wakiuona ufukwe huo huvua viatu. Mimi niliuliza ni nani aliyeuweka pale. Nikajibiwa kwamba ufukwe ule umetengenezwa kwa mikono ya watu, na kwamba bustani yake ilifunguliwa mwaka 1989. Kwa maneno mengine, pwani ile ni changa kuliko mimi. Iliyokuwapo kabla yake ilikuwa imekwisha kuuawa.

Wajapani wana neno higata, yaani ardhi ambayo bahari huifunika na kuiacha kavu. Sisi tunaosema Kiswahili hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo, kwa kuwa neno letu pwani limetokana na kupwa kwa maji. Kwa karne nyingi ukingo wa ndani wa Ghuba ya Tokyo ulikuwa higata moja pana. Tangu enzi za watawala wa Tokugawa, wakati jiji likiitwa Edo, wakazi wa pwani hiyo walivua samaki, wakachimbua kombe na kupanda mwani kwenye matawi na nguzo zilizochomekwa katika maji ya kina kifupi. Huko Urayasu, ng'ambo ya mto Edo wa zamani, mvuvi aliingia baharini peke yake kwa mashua ndogo ya ubapa iitwayo bekabune. Chakula cha jiji kilitoka pale, na ajira ya vijiji vizima ilitoka pale pia.

Baada ya vita, Japani ilijijenga upya kwa kasi ambayo vitabu vyetu vya uchumi havichoki kuisifu. Vitabu hivyo husahau kutaja kilicholipwa. Mwaka 1958 kiwanda cha karatasi cha kampuni ya Honshu, kilichokuwa kando ya mto Edo, kilianza kumwaga maji meusi mtoni. Samaki na kombe wakafa. Wavuvi walilalamika kwa kampuni na kwa serikali bila ya kupata jibu la maana. Tarehe 10 Juni mwaka huo, mamia ya wavuvi wa Urayasu walikiendea kiwanda na kuingia kwa nguvu. Polisi waliwakabili, wengi wakajeruhiwa na wengine wakakamatwa. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la Japani lilipitisha sheria mbili, moja ya kulinda ubora wa maji na nyingine ya kudhibiti maji taka ya viwanda. Hizo ndizo sheria za kwanza za taifa hilo za aina yake. Zilikuwa dhaifu, na misiba mikubwa ya uchafuzi iliyofuata ilithibitisha hivyo, lakini mlango ulifunguliwa na watu walionuka samaki.

Ushindi huo haukuwaokoa. Serikali na wenye viwanda walitaka ardhi, na ardhi ya bei nafuu kuliko zote ilikuwa ile iliyo chini ya bahari. Mwishoni mwa mwaka 1962 wavuvi wa Tokyo walikubali kuziacha haki zao za uvuvi kwa malipo ya fidia. Wale wa Urayasu waliachia sehemu ya haki zao wakati huohuo, na mwaka 1971 wakaachia zilizobaki. Vifusi vikamwagwa, ghuba ikarudishwa nyuma, na higata ikawa bandari, maghala, viwanda na barabara. Papo hapo, visima vya viwanda vilifyonza maji ya chini ya ardhi hadi mitaa ya mashariki ikatitia. Mpaka leo, takribani asilimia 70 ya ardhi ya Edogawa, mtaa wenye bustani ya Kasai, iko chini ya usawa wa bahari maji yanapojaa. Jiji lililoisukuma bahari lilijikuta likijificha nyuma ya kuta ili bahari isilifuate.

Watu wa kawaida waliliona hilo kwa namna nyepesi zaidi: hawakuwa tena na mahali pa kukanyaga maji. Mwaka 1975, wananchi wa mji wa Takasago magharibi ya nchi, waliokuwa wamezibiwa pwani na viwanda, walitoa tamko la haki waliyoiita irihamaken, yaani haki ya kuingia ufukweni. Walidai kwamba tangu zama za mababu, pwani ilikuwa ya kila mtu kutembea, kuogelea, kuokota kuni na kombe, na kwamba hakuna kampuni iwezayo kuizungushia uzio kana kwamba ni shamba lake. Mahakama hazikuikubali kuwa haki kamili ya kisheria. Hata hivyo, wazo likishatamkwa hadharani ni vigumu kulirudisha kinywani.

Kasai ilijengwa katika hewa hiyo ya mawazo. Serikali ya jiji la Tokyo, iliyokuwa ikijaza bahari eneo hilo tangu miaka ya 1970, iliamua kwamba ukingo wake usiwe wa viwanda peke yake. Ilitengeneza fukwe mbili zilizopinda kama mwezi mchanga. Ule wa magharibi ni wa watu. Ndipo tulipotandika mkeka wetu. Ule wa mashariki hauingiliwi na watu, umeachiwa ndege na viumbe wa matopeni. Wakati wa baridi bata wa baharini hutua huko kwa maelfu. Mnamo Oktoba 2018 eneo hilo liliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu, likiwa la kwanza mkoani Tokyo. Nilifurahi kuona watoto wakifundishwa, kwa macho tu na bila hotuba, kwamba nusu ya pwani si yao.

Hata hivyo, kilichotengwa kwa umma hakikosi kutamaniwa. Tokyo ilipojiandaa kwa michezo ya Olimpiki, mpango wa kwanza ulikuwa kujenga uwanja wa mashua ndani ya bustani hiyohiyo. Wapenzi wa ndege walipinga, na mwaka 2014 serikali ya jiji ikauhamishia kwenye kiwanja jirani kilichokuwa cha idara ya maji taka. Olimpiki ilisogea, bata hawakusogea. Maji nayo yalidai subira. Kwa takribani nusu karne hakuna aliyeruhusiwa kuogelea pwani hiyo. Kikundi cha wananchi kilianza kutumia chaza kusafisha maji na kufanya majaribio ya siku chache chini ya uangalizi, hata kufikia kiangazi cha 2015 watoto wa Tokyo wakaweza tena kuogelea hapo katika msimu uliopangwa.

Ng'ambo ya mto, tulipokuwa tumekaa, yalionekana majengo ya Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983 juu ya bahari ya zamani ya Urayasu. Nilizitazama sehemu hizo mbili kwa zamu. Zote zimeketi juu ya maji ya wavuvi walewale. Kwa moja unalipa mlangoni, na si kidogo. Kwa nyingine unapita tu. Sisemi kwamba moja ni dhambi na nyingine ni thawabu, kwani binti wa mwenyeji wangu alikiri kwamba anazipenda zote mbili. Nasema tu kwamba kama pangekuwapo ile ya kwanza peke yake, mtoto wa dereva na mtoto wa mfagiaji wangeiona bahari kupitia uzio.

Baba mkwe wa mwenyeji wangu, mzee wa miaka themanini na ushei, alizaliwa Urayasu katika nyumba ya mvuvi. Alikaa kimya karibu asubuhi nzima. Nilipomwuliza, kwa ulimi wa mkwewe, kama ufukwe huu unamkumbusha utoto wake, alitikisa kichwa. Alisema hii si bahari ya baba yake. Fidia ilijenga nyumba nzuri, akasema, lakini haikumpa baba yake kazi ya kuamkia. Aliendelea kuamka alfajiri kwa miaka mingi na kukaa mlangoni akitazama upande wa maji. Nikamwuliza kwa nini basi anakuja. Akamwonyesha mjukuu wake kwa kidevu. "Huyu hana pwani nyingine," alisema, kisha akachukua sepetu ya plastiki na kwenda kumwonyesha namna ya kumtafuta kombe kwa tundu analoliacha mchangani.

Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi tangu niliporudi Dar es Salaam. Sisi bado tuna pwani ambayo haikutengenezwa na mtu. Sikukuu ya Idi au ya Krismasi, Coco Beach hujaa familia kama Kasai ilivyojaa, na mihogo ya kukaanga hunukia hadi barabarani. Tunayo pia Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Atakayetembea kando ya bahari yetu, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, na ajipimie mwenyewe hizo mita 60.

Wapo watakaosema kwamba Japani ilitajirika kwanza, ikarudisha pwani baadaye, nasi tufuate njia hiyo. Kasai inanifundisha kinyume chake. Pamoja na utajiri wake wote, Tokyo iliweza kurudisha mchanga, ndege na, baada ya miaka hamsini, ruhusa ya kuogelea. Haikuweza kumrudishia mvuvi alfajiri yake. Deni lile limelipwa nusu, na waliolipwa si wale waliokopwa. Wenye pwani ambayo haijauawa hawana haja ya kusubiri utajiri ndipo waipende. Wanachohitaji ni kukataa kuiuza.

Tuliondoka maji yakianza kujaa, kwa sababu daraja la kuelekea ufukweni hufungwa jioni. Binti yule alikuwa na kombe saba ndani ya ndoo. Babu yake aliwapima mmoja mmoja kwa kidole, akawarudisha wanne baharini kwa kuwa walikuwa wadogo mno, na mtoto hakulia.