Homurani Moja na Sambusa Themanini

Kila Machi, kabla barafu haijayeyuka sawasawa hapa Minneapolis, karatasi hubandikwa kwenye friji ya chumba chetu cha chai. Mimi ni mlezi wa zamu ya usiku katika nyumba ya wazee, mzaliwa wa Tanga, na nilipoiona mara ya kwanza nilidhani ni ratiba ya zamu. Kumbe kila mtu anaandika jina lake na timu moja ya besiboli, ile anayoamini itapiga homurani nyingi kuliko zote hadi msimu ufungwe, mwishoni mwa Septemba. Hela haiwekwi. Mshindi anakula, na anayepika ni yule ambaye timu yake imeshika nafasi ya pili. Kanuni hiyo sijui ilitungwa na nani, ila hakuwa mtu mwema.

Kwa aliyekua akichungulia kriketi ya Wahindi pale Tanga, homurani ni ndugu yake sita: mpira unapigwa, unavuka uzio ukiwa hewani, na mpigaji anazunguka vituo vyote vinne bila haraka, kama bwana harusi.

Aliyenifundisha ni mlinzi wa mlangoni, mtu wa New York aliyepita miaka sabini. Nilimwita Mzee. Siku ya kwanza alinuna. Nilipomweleza kwamba kwetu hicho ni cheo, si tusi, aliomba nimwandikie neno hilo kwenye kipande cha karatasi, akakibandika juu ya beji yake. Somo lake lilikuwa moja: angalia mpira, kisha uwanja, wapigaji waje mwisho.

Alianzia 1908, mwaka ambao White Sox wa Chicago walipiga homurani 3. Si kwa siku, msimu mzima. Frank Baker, aliyepewa homurani kuwa jina lake la utani, alifikisha 12 tu katika msimu wake bora, 1913. Wanaume wale hawakuwa dhaifu. Mpira mmoja ulichezewa hadi ukalegea, mweusi kwa tope na mate ya tumbaku, na mrushaji aliruhusiwa kuutemea ili uyumbe njiani. Gongo (la mti, si lile la chupa) likiugusa, ni kama umepiga embe bivu.

Mwaka 1920 mambo mawili yalitokea. Warushaji walipigwa marufuku kuutemea mpira, isipokuwa wakongwe wachache walioachiwa wamalizie kazi zao. Kisha mwezi Agosti, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa na mpira kichwani, akafariki kesho yake, na waamuzi wakaanza kuitupa mipira michafu mapema. Msimu huohuo Babe Ruth, ambaye Boston walikuwa wamemuuza kwa Yankees wa New York, alipiga homurani 54. Katika ligi yao hakuna timu nyingine iliyofikia idadi hiyo. Mtu mmoja alizishinda timu nzima-nzima. Mwaka 1927 akapiga 60, na tena hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyomfikia. Ubashiri wa misimu ya namna hiyo haukuhitaji mganga. Uliuliza tu Ruth kavaa jezi ya nani.

Baba yake Mzee alikuwa mshabiki wa Giants, waliokuwa bado New York, wakichezea Polo Grounds. Uwanja huo ulikuwa kituko: kutoka kwa mpigaji hadi uzio wa kulia ilikuwa kama mita 79, wakati uzio wa katikati ulikuwa zaidi ya mita 140. Yaani ukipiga pembeni unafua dafu kwa nguvu za mtoto, ukipiga katikati unapeleka mpira malishoni. Mwaka 1947 Giants hao walipiga homurani 221, rekodi ya wakati ule, Johnny Mize peke yake 51. Wakamaliza ligi nafasi ya nne. Mzee aliisimulia nafasi hiyo ya nne kwa uchungu wa kurithi, kama watu wa kwetu wanavyosimulia shamba lililouzwa na babu.

Somo lilipofika Denver ndipo nilipoanza kuelewa kwa mwili wangu. Mji ule uko mita 1,600 hivi juu ya bahari, chini kidogo ya Nairobi, na mtu wa pwani aliyewahi kupanda ngazi za Nairobi siku ya kwanza anajua hewa huko ni nyepesi. Mpira nao unajua: hewa haiuzuii, unakwenda mbali zaidi. Tena ukavu wa Denver uliikausha mipira ikawa migumu, hadi mwaka 2002 Rockies, timu ya huko, wakaanza kuihifadhi kwenye chumba chenye unyevu, kama tumbaku. Lakini hewa peke yake haitoshi. Mwaka 1997 Rockies walipiga 239, na Seattle, walio usawa wa bahari na waliocheza chini ya paa la zege, wakapiga 264 wakiwa na Ken Griffey. Ilikuwa pia miaka ya sindano na vidonge vya kuongeza nguvu, ambayo Mzee hakupenda kuizungumzia, nami simlaumu.

Alichopenda kuzungumzia ni Bill James. Huyu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye kiwanda cha maharage ya kopo huko Kansas, na saa za ukimya alizitumia kupekua takwimu za besiboli hadi akachapisha kitabu chake cha kwanza mwenyewe, 1977. Leo vilabu vinaajiri wasomi wa hesabu kwa ajili ya kazi aliyoianza yule mlinzi. Mzee alikuwa na daftari pia. Hakunionyesha kamwe.

Basi, Machi 2019, nimeiva. Yankees mwaka uliotangulia walikuwa wameweka rekodi mpya, 267. Nikaandika Yankees, nikijiona profesa. Mzee, baada ya mahubiri yote yale, akaandika Twins, timu ya hapa mjini, kama alivyofanya kila mwaka tangu ahamie. Twins walikuwa wametoka kupiga 166! Nilimuuliza daftari linasemaje. Akasema daftari halilali Minneapolis, yeye ndiye anayelala hapa.

Mwaka ule mpira wenyewe uligeuka. Uliruka kuliko ilivyozoeleka, na wanasayansi walioitwa na ligi waliripoti Desemba kwamba hewa iliukamata pungufu kidogo kuliko awali, sehemu ya sababu ikiwa mishono ya uzi mwekundu iliyokaa chini kidogo. Tofauti ndogo mno kwa mpira unaoshonwa kwa mkono huko Costa Rica. Ligi nzima ilipiga homurani 6,776. Twins walikuwa wamemsajili Nelson Cruz, aliyetimiza miaka 39 katikati ya msimu na bado akapiga 41, na wenzake wanne wakavuka 30. Tarehe 31 Agosti, huko Detroit, waliivunja rekodi ya Yankees, na mechi hiyohiyo wakafungwa. Yankees wangu nao hawakulala: mwezi huo wa Agosti walipiga 74.

Septemba yote nilikuwa natoka zamu alfajiri na kuangalia simu kabla ya kufungua mlango wa gari. Msimu ulipofungwa, Twins 307, Yankees 306.

Nilikaanga sambusa themanini. Mzee alikula kumi na moja, kwa hesabu yangu, halafu akaomba pilipili zaidi. Wiki ile Twins walikwenda kukutana na Yankees kwenye mtoano, wakatolewa mechi tatu bila kushinda hata moja, na asubuhi yake hakuna aliyethubutu kumsalimia mlangoni. Niliweka kikombe cha chai ya tangawizi mezani pake nikapita kimya.

Alistaafu mwaka uliofuata. Karatasi bado hubandikwa, na jina lake huandikwa la kwanza, kwa mwandiko wangu, mbele yake Twins.