Miaka 30 ya kuandika vipepeo katika lupango moja

Asubuhi jua likipanda kidogo, simama mbele ya nyumba yako uangalie. Vipepeo wanazunguka juu ya lengalenga, juu ya maboga, juu ya maua ya marakuja. Watoto wanawafukuza, mama anafagia, hakuna anayewahesabu. Tunawaona kila siku, basi tunafikiri hawana habari ya kutupa. Leo ninawaletea historia ya mama mmoja aliyewahesabu miaka 30, na habari aliyoipata.

Jina lake ni Jennifer Owen, mtaalamu wa wanyama kutoka Uingereza. Historia yake inapita jirani na sisi. Katika miaka ya 1960 aliishi Kampala, Uganda, pamoja na mume wake Denis Owen aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Makerere. Huko Denis alikuwa akikamata kipepeo mdogo wa rangi ya machungwa ambaye wataalamu wanamwita Acraea encedon. Si mdudu wa msitu wa mbali. Viwavi wake wanakula yale majani yenye maua madogo ya bluu ambayo tunang'oa shambani kila siku. Denis aliandika kila mmoja, dume au jike. Hesabu ikatoa jambo la ajabu: mahali pengine karibu wote walikuwa majike. Sababu ilijulikana miaka mingi baadaye, mwishoni mwa karne ya 20: kuna bakteria inayopita kutoka kwa mama na kuua watoto wa kiume wangali mayai. Ni nani angejua jambo hilo kwa kutazama tu? Lilionekana kwa sababu mtu aliandika.

Kutoka Uganda walienda Sierra Leone, kisha wakarudi kwao. Mwaka 1972, katika mji wa Leicester, Jennifer alianza kuandika kila kiumbe alichokiona nyumbani kwake. Lupango yao haikuwa kubwa: haikufika mita za mraba 800. Ilikuwa na majani ya kukatwa, maua, miti michache na mboga za kula. Majirani wangeiona ni bustani kama nyingine yoyote. Tofauti ni kwamba hakutia dawa ya kuua wadudu, na alipanda maua ya namna nyingi ili pawe na kitu kinachochanua wakati wote wa joto.

Namna yake ya kufanya kazi haikuwa ngumu. Vipepeo aliwakamata kwa wavu, akawatia alama ndogo kwenye bawa, akawaachilia. Kwa njia hiyo hakumhesabu mmoja mara mbili. Wadudu wengine aliwakamata kwa hema la kitambaa chepesi: mdudu akigonga kitambaa anapanda kuelekea kwenye mwangaza, na kule juu anaanguka ndani ya chupa. Kisha kazi ya kuwapambanua na kuwaandika, mwaka baada ya mwaka, hadi 2001. Katika miaka hiyo alipatwa pia na ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliompunguzia nguvu ya kutembea. Hakuacha daftari lake.

Na hesabu ilitoa nini? Aina 2,673 za mimea na wanyama. Katika hizo, wadudu peke yao walikuwa aina 1,997. Vipepeo walikuwa aina 23, wakati Uingereza nzima ina karibu 60 tu. Aina nne za nyigu wadogo hazikuwa zimejulikana na sayansi popote duniani. Zilipatikana nyuma ya nyumba ya watu, katikati ya mji! Lakini daftari lilionyesha huzuni pia. Makundi kadhaa ya wadudu, hasa nondo, wale wanaozunguka taa usiku, yalipungua. Mwaka mmoja usingeonyesha hilo, maana kila mwaka una mvua yake na jua lake. Miaka 30 ilionyesha. Yote aliyaweka katika vitabu, kimoja mwaka 1991 na kingine mwaka 2010.

Turudi kwetu. Wakulima wa viazi vitamu hapa mashariki wanajua viwavi wanaomaliza majani yote, hasa wakati wa kiangazi. Wale ni watoto wa kipepeo, ndugu wa yule wa Kampala. Kila wanapokuja tunalia kana kwamba ni mara ya kwanza. Walikuja mwezi gani mwaka jana? Na mwaka juzi? Mvua ilikuwa imekatika tangu lini? Mkulima mwenye jibu kwenye karatasi angeweza kuanza kukagua shamba wiki mbili mapema, akatoa majani yenye viwavi kabla hawajasambaa.

Lakini tuseme ukweli. Jennifer Owen alikuwa na kitu kimoja ambacho wengi wetu hatukupewa: miaka 30 katika nyumba moja. Hapa kwetu ni familia ngapi ambazo tangu 1996 hazijakimbia hata mara moja? Anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria, habebi daftari. Anaporudi, anakuta miti imekatwa, na hana mahali popote palipoandikwa nini kilikuwapo. Hiyo nayo ni hasara ya vita, ingawa hakuna anayeihesabu.

Kwa hiyo siwaambii mwanze miaka 30. Chukua kaye ya mtoto iliyobaki na kurasa. Andika tarehe, mvua au jua, na vipepeo uliowaona kwa rangi zao kama hujui majina. Fanya hivyo mwaka mmoja. Ukilazimika kuondoka, kaye ni nyepesi, inaingia mfukoni.