Alzheimer ya Mapema ya Kurithi

Alzheimer ya mapema ya kurithi ni aina adimu ya ugonjwa wa Alzheimer ambayo hupita katika ukoo na kumshika mtu kabla hajatimiza miaka 65, mara nyingi kati ya miaka 30 na 60. Husababishwa na hitilafu katika mojawapo ya jeni tatu: APP, PSEN1 au PSEN2. Wenye aina hii hawafiki asilimia 1 ya wagonjwa wote wa Alzheimer.

Jeni tatu

Jeni ya APP, iliyo katika kromosomu ya 21, huongoza utengenezaji wa protini ya utando wa seli za neva. Protini hiyo hukatwa na vimeng'enya, kimojawapo kikijengwa kwa protini itokayo PSEN1 (kromosomu ya 14) au PSEN2 (kromosomu ya 1). Hitilafu katika jeni yoyote kati ya hizo huvuruga ukataji huo. Vipande vya amiloidi vinavyonata huzidi, hushikamana na kuwa mabaka kati ya seli za ubongo. Ndani ya seli nako, protini ya tau hujisokota na seli hufa. Mrundiko wa amiloidi huanza miaka 15 au zaidi kabla ya mtu kuanza kusahau.

Hitilafu ya APP iligunduliwa London mwaka 1991 na Alison Goate, John Hardy na wenzao. PSEN1 na PSEN2 zilitambuliwa mwaka 1995. Ukoo mkubwa zaidi unaojulikana uko Antioquia, Kolombia, ambako Dkt. Francisco Lopera alifuatilia hitilafu ya PSEN1 iitwayo E280A. Walioirithi hupata demensha wakikaribia miaka 49.

Namna ya kurithi

Nakala moja yenye hitilafu yatosha kuleta ugonjwa. Kila mtoto wa mzazi aliye nayo, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Asiyeirithi hawezi kuwapa wanawe. Kwa kuwa nakala moja yatosha, kuoana na mtoto wa ami au wa shangazi si chanzo chake. Ndoa hizo huongeza hatari ya magonjwa yanayohitaji nakala mbili, kama selimundu. Hata hivyo, badiliko adimu la APP liitwalo A673V, lililoripotiwa Italia mwaka 2009, lilionekana kuhitaji nakala mbili.

Afrika Mashariki

Jeni nyingine, APOE, huongeza hatari ya Alzheimer ya uzeeni bila kuilazimisha. Utafiti uliofanywa Nyeri, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2010 ulikuta aina ya APOE4 kwa wingi miongoni mwa wazee, lakini haukuona ikihusiana na demensha kama ilivyozoeleka Ulaya na Marekani. Matokeo hayo yanaonyesha kwa nini damu na historia za Waafrika zinastahili utafiti wake wenyewe.

Mwongozo kwa familia za Makadara, Mombasa

Mtu wa miaka 45 akianza kupotea njia kati ya Makadara na Mji wa Kale, au kurudia swali lilelile, asihukumiwe kuwa amerogwa wala kupagawa. Kwanza achunguzwe sababu zinazotibika: upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo, kaswende, VVU au msongo mkali wa mawazo. Hospitali ya Coast General, iliyo kisiwani Mombasa, ni mahali pa kuanzia.

Wazee wanaoijua nasaba ya ukoo wana mchango mkubwa. Daktari huuliza nani aliugua, kwa umri gani, na ni wa upande wa baba au wa mama. Ugonjwa ukionekana katika vizazi viwili au vitatu mfululizo, kipimo cha jeni hufikiriwa, lakini kwa hiari ya mtu mzima na baada ya ushauri nasaha. Jibu moja hugusa ndugu, watoto na wajukuu. Anayepimwa ana haki ya kulitaka na ana haki ya kulikataa. Tiba ya kuponya haijapatikana, na mgonjwa, pamoja na anayemlea, anastahili msaada tangu siku ya kwanza.