Pulp ya Sheffield: Miaka 17 ya Kungoja

Bendi ya Pulp ilianzishwa mwaka 1978 katika jiji la Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, na Jarvis Cocker, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 15, pamoja na mwenzake Peter Dalton. Mwanzoni waliiita Arabicus Pulp, jina la bidhaa ya sokoni walilolisikia katika somo la uchumi. Msomaji wa Moshi au Nyeri atahisi harufu ya buni ya arabika katika neno la kwanza, ila neno hilo halikudumu. Baada ya muda mfupi likabaki la pili peke yake. Onyesho lao la kwanza la hadharani lilifanyika Julai 1980 katika mji jirani wa Rotherham.

Sheffield ulikuwa mji wa chuma cha pua. Visu na vijiko vyenye jina lake vimefika katika meza za dunia nzima. Lakini miaka hiyohiyo bendi ilipokuwa ikijifunza kupiga, viwanda vilikuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine, na maelfu ya watu walikosa kazi. Vijana wengi waliotaka kuwa wanamuziki waliishi kwa posho ya serikali kwa wasio na ajira: pesa kidogo sana, ila muda tele. Mji ulikuwa tayari umetoa bendi kama The Human League na Cabaret Voltaire, kwa hiyo wazo la kutoka Sheffield hadi redioni halikuwa ndoto ya mwendawazimu.

Ilionekana hata kwamba mambo yangekuwa mepesi. Mwaka 1981 Cocker alimkabidhi mtangazaji wa BBC, John Peel, kaseti ya nyimbo zao. Peel, aliyekuwa na mazoea ya kuwapa nafasi wasiojulikana, akawaita London kurekodi kwa ajili ya kipindi chake. Kwa watoto wa shule, hiyo ilikuwa sawa na kufunguliwa mlango wa ikulu. Mlango huo haukuwafikisha popote. Wanamuziki wenzake wakaenda vyuo vikuu, na Cocker akabaki na jina la bendi na gitaa.

Hapa inafaa kulieleza neno indi, maana historia ya Pulp haieleweki bila neno hilo. Leo hutumika kutaja mtindo wa muziki wa gitaa, lakini asili yake ni ya biashara: ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "huru". Baada ya vuguvugu la muziki wa panki la mwaka 1976 na 1977, kampuni ndogo za kurekodi zilichipuka kote Uingereza, nyingi zikiendeshwa kutoka nyuma ya duka la santuri. Zilijenga mtandao wao wenyewe wa kusambaza santuri bila kupitia kampuni kubwa, na tangu 1980 zikawa na chati yao ya mauzo. Kilichouingiza wimbo katika chati hiyo ni njia ya usambazaji. Hakuna aliyeuliza unasikika vipi. Mtandao huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba bendi isiyouza iliweza kuendelea kuishi. Ulikuwa na hasara moja pia, na ni ileile: bendi isiyouza iliweza kuendelea kuishi, mwaka hadi mwaka, bila kusonga mbele.

Pulp walionja yote mawili. Albamu yao fupi ya kwanza, It, ilitolewa mwaka 1983 na Red Rhino, kampuni ya mjini York, na wanunuzi walikuwa wachache. Cocker alikaribia kuacha. Aliyeipa bendi uhai mpya ni Russell Senior, mpiga gitaa na fidla mwenye msimamo mkali. Kisha akaja Candida Doyle kwenye kinanda, na baadaye Nick Banks kwenye drams. Walisaini mkataba na Fire, kampuni huru ya London. Mwishoni mwa 1985 Cocker alianguka kutoka dirishani akijaribu kumfurahisha msichana kwa kuning'inia nje kama Spider-Man, akavunjika mifupa, na kwa muda akawa anaimba jukwaani akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Albamu ya Freaks ya mwaka 1987, yenye giza na huzuni nyingi, ilipita bila kutikisa chochote.

Mwaka 1988 Cocker alihamia London kusomea filamu katika chuo cha sanaa cha St Martin's, hatua iliyofanana na kuaga muziki. Badala yake ndiyo iliyomwokoa. Umbali ulimfanya auone mji wake kwa macho mapya, na maisha ya chuo yalimkutanisha na watu wa tabaka ambalo akiwa Sheffield hakulijua. Wakati huohuo muziki wa klabu za disko ulianza kuingia katika nyimbo zao, na mpiga besi Steve Mackey akajiunga. Albamu ya Separations ilirekodiwa mwaka 1989, lakini Fire hawakuitoa hadi 1992. Miaka mitatu kabatini ni mingi kwa bendi ambayo tayari ilikuwa na zaidi ya miaka kumi. Hata hivyo wimbo mmoja kutoka humo, My Legendary Girlfriend, ulitangulia mwaka 1991 na kusifiwa na gazeti la muziki la NME, na hapo masikio yakaanza kugeuka.

Walipojinasua kutoka Fire, mwaka 1993 walisaini na Island, kampuni iliyoanzishwa Jamaika na Chris Blackwell na iliyomfikisha Bob Marley duniani. Kufikia wakati huo Island haikuwa huru tena, kwani iliuzwa kwa PolyGram mwaka 1989. Ndiyo kusema bendi inayotajwa kila mara kama mfano wa indi ilipata mafanikio yake yote makubwa ya enzi hiyo chini ya kampuni kubwa. Na si wao peke yao: katikati ya miaka ya tisini neno lile la wafanyabiashara wadogo lilikuwa limegeuka jina la mtindo tu, na kampuni kubwa ziliuuza mtindo huo kwa faida nono.

Albamu ya His 'n' Hers ya 1994 iliingia katika kumi bora. Kisha Mei 1995 ukatoka Common People. Cocker aliutunga kwenye kinanda kidogo cha Casio alichokinunua kwa pesa alizopata baada ya kuuza santuri zake za zamani. Unasimulia juu ya msichana tajiri kutoka Ugiriki, mwanafunzi mwenzake wa chuoni, anayetamani kuishi kama watu wa kawaida, asijue kwamba umaskini wa kweli ni ule usio na mlango wa kutokea. Wimbo unaanza polepole, kama masimulizi ya kibarazani, halafu unapanda kasi hadi hasira inafurika. Ulifika nafasi ya 2 katika chati ya Uingereza.

Majuma machache baadaye bendi ya The Stone Roses ilijitoa katika tamasha la Glastonbury kwa sababu mpiga gitaa wake, John Squire, alivunjika mfupa wa mtulinga. Pulp waliitwa kuziba pengo hilo usiku wa Jumamosi, tarehe 24 Juni. Walipofika Common People mwishoni, umati mzima ulikuwa ukiimba nao. Albamu ya Different Class, iliyotayarishwa na Chris Thomas, ilitolewa Oktoba mwaka huo, ikashika nafasi ya 1 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja Uingereza pekee. Mwaka uliofuata ilitwaa Tuzo ya muziki ya Mercury.

Umaarufu ulikuja na misukosuko yake. Gazeti la Daily Mirror liliwashambulia kwa madai ya kuchochea matumizi ya dawa za kulevya, ingawa wimbo uliolalamikiwa, Sorted for E's & Wizz, ulieleza zaidi upweke wa asubuhi inayofuata. Februari 1996, katika hafla ya tuzo za muziki za Brit, Cocker alipanda jukwaani bila kualikwa, Michael Jackson akiwa katikati ya wimbo wake Earth Song, akapinga kwa mizaha namna nyota huyo alivyojionyesha kama mkombozi. Polisi walimhoji kwa tuhuma za kuwaumiza watoto waliokuwa jukwaani; picha za video zilionyesha hakumgusa yeyote, na hakushtakiwa.

Senior aliondoka mwaka 1997. This Is Hardcore ya 1998, albamu ya mtu aliyechoshwa na karamu aliyoisubiri muda mrefu, ilishika nafasi ya 1 lakini iliuza kidogo kuliko iliyotangulia. We Love Life ya 2001, iliyotayarishwa na mwimbaji Scott Walker, ilikuwa tulivu na nzuri, na wanunuzi wakapungua zaidi. Desemba 2002 walipiga onyesho la kuagana katika jumba la Magna, Rotherham, mji uleule walikofanya onyesho lao la kwanza. Jumba hilo lilikuwa zamani kiwanda cha chuma.

Walirudi jukwaani mwaka 2011 na 2012, Senior akiwemo mwanzoni, kisha tena 2023. Mackey alifariki Machi mwaka huo, kabla ya ziara kuanza. Juni 2025 ikatoka More, albamu yao ya kwanza ya nyimbo mpya baada ya takriban miaka 24, iliyotayarishwa na James Ford kwa majuma matatu tu studioni na kutolewa kwa kumbukumbu ya Mackey. Ilishika nafasi ya 1. Safari hii kampuni iliyoitoa ilikuwa Rough Trade, jina lililoanza kama duka la santuri London mwaka 1976. Mwezi huohuo Pulp walipiga Glastonbury bila kutangazwa, ratiba ikiwa imeandikwa jina la bandia, Patchwork.