Fahamu: Wajibu wa mwenye nyumba kuhusu usalama wa gesi Uingereza, na karatasi ambayo mpangaji anatakiwa kuiona kabla ya kuhamia

Mtu akitoka Mombasa, Mwanza au Bukavu kwenda kusoma au kufanya kazi Uingereza, huwa na maswali matatu anapotafuta chumba: kodi ni kiasi gani, kituo cha basi kiko mbali kiasi gani, na bili zimo ndani ya kodi au hazimo.

Swali la nne wengi hulisahau: cheti cha usalama wa gesi kiko wapi?

Swali hilo sio la kumsumbua mwenye nyumba. Kwa sheria ya huko, mwenye nyumba anayepangisha nyumba yenye vifaa vyake vya gesi lazima avikaguze kila baada ya miezi 12, na lazima ampe mpangaji nakala ya matokeo. Asipofanya hivyo anatenda kosa la jinai.

Tofauti na gesi ya nyumbani

Kwa nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, gesi ni mtungi. Mpangaji ananunua mtungi wake na jiko lake, na siku akihama anaondoka navyo. Mpira ukivuja, mzigo ni wake.

Uingereza mambo ni tofauti. Gesi ya nyumba nyingi inaingia kwa bomba la chini ya ardhi, inapita kwenye mita, kisha inaenda kwenye jiko na kwenye boila. Boila ndiyo inayochemsha maji ya kuoga na pia maji yanayozunguka kwenye radieta ili nyumba ipate joto wakati wa baridi.

Boila na mabomba hayo ni mali ya mwenye nyumba. Kwa hiyo usalama wake pia ni juu yake, hata kama mpangaji ndiye anayelipa bili ya gesi kila mwezi.

Kinachoogopwa ni nini?

Watu wa Afrika Mashariki wanajua hatari ya kulala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Watu wanalala wazima, asubuhi hawaamki.

Kinachoua pale ni hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Boila mbovu inaweza kutoa hewa ileile. Gesi isipoungua vizuri, au bomba la kutolea moshi likiziba au kupasuka, hewa hiyo hubaki ndani ya nyumba.

Haina harufu, haina rangi, haina ladha. Ikiingia kwenye damu hushika nafasi ya oksijeni, na mwili unakosa hewa huku mtu anaendelea kupumua kama kawaida.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa. Mgeni kwenye baridi yake ya kwanza ni rahisi kudhani ni mafua au mwili haujazoea hali ya hewa.

Ishara ya kuangalia ni hii: mtu akitoka nje anapata nafuu, akirudi ndani kichwa kinaanza tena. Ingine ni pale wote wanaoishi humo wanapoumwa kwa pamoja, au mnyama wa ndani naye analegea.

Sheria inasema nini

Kanuni zinazotumika England, Wales na Scotland ni za usalama wa gesi za mwaka 1998. Ireland Kaskazini ina kanuni zake zinazofanana na hizo. Kwa ufupi, mwenye nyumba ana wajibu mkuu wa aina tatu.

1. Kutunza vifaa. Mabomba ya gesi, vifaa vyake na njia za kutolea moshi viwe katika hali salama wakati wote, sio siku ya ukaguzi tu. Ukaguzi wa mwaka na matengenezo ya kawaida ni vitu viwili tofauti.

2. Kukagua kila mwaka. Kila kifaa cha gesi alichokiweka, pamoja na bomba lake la moshi, kikaguliwe ndani ya kila miezi 12.

3. Kutoa kumbukumbu. Mpangaji mpya apewe nakala kabla hajahamia. Mpangaji aliyepo apewe ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi. Mwenye nyumba atunze kumbukumbu hizo kwa angalau miaka 2.

Wajibu huu haufutiki kwa maneno ya mkataba. Mkataba ukisema "mpangaji atashughulikia usalama wa boila", sentensi hiyo haimwondolei mwenye nyumba jukumu lake. England pia hairuhusiwi kumtoza mpangaji gharama za ukaguzi huo.

Fundi sio fundi yeyote

Kazi ya gesi hufanywa na fundi aliyesajiliwa na Gas Safe Register, daftari rasmi lililochukua nafasi ya CORGI mwezi Aprili 2009. Binamu wa mwenye nyumba anayejua kushika spana hatoshi, hata kama amefunga boila mia.

Fundi halali hubeba kitambulisho chenye picha yake, namba ya leseni na tarehe ya mwisho wa matumizi. Nyuma ya kadi imeandikwa aina ya kazi anazoruhusiwa. Wapo wanaoruhusiwa jiko lakini hawaruhusiwi boila, kwa hiyo kadi igeuzwe isomwe pande zote mbili.

Mpangaji ana haki ya kuomba kuiona kabla ya kumfungulia mlango. Namba hiyo inaweza pia kuhakikiwa kwenye tovuti ya Gas Safe Register au kwa simu 0800 408 5500.

Jinsi ya kusoma cheti

Cheti sio pambo la kubandika mlangoni. Mpangaji akikipata aangalie mambo haya:

- Anwani iwe ya nyumba hiyohiyo, sio ya nyumba nyingine ya mwenye nyumba.
- Tarehe ya ukaguzi isiwe imepita miezi 12. Anayekagua ndani ya miezi miwili ya mwisho kabla ya muda kuisha anaruhusiwa kubaki na tarehe yake ya zamani, kwa hiyo pengo linaweza kuzidi kidogo.
- Vifaa vyote vya mwenye nyumba viwe vimeorodheshwa na mahali vilipo. Kama kuna boila na jiko lakini cheti kinataja jiko tu, hapo pana tatizo.
- Kasoro zilizoonekana na hatua zilizochukuliwa ziwe zimeandikwa.
- Jina, saini na namba ya usajili ya fundi viwepo.

Fundi akikuta kifaa cha hatari hukiwekea alama ya onyo na kuomba ruhusa ya kukizima. Kikishazimwa, mpangaji asikiwashe hata kama ndani baridi imezidi. Mwenye nyumba ndiye wa kukitengeneza.

King'ora cha kaboni monoksaidi

England, tangu 1 Oktoba 2022, mwenye nyumba lazima aweke king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba cha kuishi chenye kifaa cha kudumu kinachochoma nishati, kama boila au moto wa gesi wa ukutani. Jiko la kupikia la gesi pekee halihesabiwi hapo.

King'ora kiwe kinafanya kazi siku mpangaji anapoanza kukaa. Kikiharibika na mwenye nyumba akajulishwa, ni juu yake kukitengeneza au kuweka kingine. Akipuuza agizo la halmashauri ya eneo, anaweza kutozwa faini hadi pauni 5,000.

Mahali ambapo sheria haikidai, mpangaji bado anaweza kujinunulia. Kwenye kifaa atafute alama ya kiwango EN 50291.

Aliyepanga kwa aliyepanga

Hapa ndipo wahamiaji wengi wanapojikuta. Mtu mmoja anakodi nyumba nzima, kisha anapangisha vyumba kwa wenzake wa nyumbani. Mkataba ni wa mdomo, kodi inatumwa kwa simu.

Aliyepangishwa chumba kwa njia hiyo naye analindwa. Sheria ya gesi inahusu pia vyumba vya kupanga ndani ya nyumba anamoishi mwenye nyumba mwenyewe, hosteli na nyumba za kulala wageni.

Anayepangisha wenzake naye ajue: akichukua kodi kwa watu, anaweza kuwa na wajibu wa mwenye nyumba juu yao, huku mwenye nyumba wa kwanza akibaki na wake. "Mimi pia ni mpangaji tu" inaweza isimsaidie siku watu wakizidiwa chumbani.

Mpangaji naye ana sehemu yake

Mwenye nyumba hawezi kukagua asipofunguliwa. Fundi akija kwa miadi aliyojulishwa mapema, aruhusiwe. Mwenye nyumba haruhusiwi kuvunja mlango, lakini anatakiwa kuonyesha kuwa alijaribu, kwa mfano barua na tarehe alizopendekeza.

Kifaa cha gesi ambacho mpangaji amekuja nacho mwenyewe ni jukumu lake.

Mambo mengine ya kuepuka: kuziba matundu ya hewa ukutani kwa sababu yanaingiza baridi, kuchomoa betri ya king'ora ili iingie kwenye rimoti, na kuingiza ndani jiko la mkaa la kuchomea nyama ili kupata joto. Matundu yale yamewekwa ili moto upate hewa na watu wapone.

Moto wa gesi wenye afya ni wa bluu na umetulia. Ukigeuka wa njano unaolegea, au masizi yakaonekana kuzunguka boila, au kijimoto cha kuwashia kinazimika kila mara, mwenye nyumba ajulishwe mara moja na kifaa kisitumike.

Harufu ya gesi ikisikika

Gesi ya bomba kwa asili haina harufu. Huongezwa harufu kali makusudi ili uvujaji ujulikane. Ikisikika:

- Swichi yoyote isiguswe, isiwashwe wala kuzimwa. Hamna kiberiti, hamna sigara.
- Madirisha na milango ifunguliwe.
- Valvu ya kwenye mita ifungwe kama inafikika kwa usalama. Mkono wake ukikingama na bomba, gesi imefungwa.
- Watu watoke nje, na simu ipigwe wakiwa nje: 0800 111 999. Ni namba ya dharura ya gesi ya England, Wales na Scotland, ni bure na hupokelewa saa 24. Ireland Kaskazini ni 0800 002 001.

King'ora cha kaboni monoksaidi kikilia, hatua ni zilezile: vifaa vizimwe, hewa iingie, watu watoke, simu ipigwe. Aliyezimia au kupumua kwa shida aitiwe gari la wagonjwa kwa 999. Mwenye dalili nyepesi aende hospitali aseme wazi kwamba anashuku kaboni monoksaidi, kwa sababu daktari asipoambiwa anaweza kuona mafua tu.

Mwenye nyumba akikataa kutoa cheti

Mpangaji aanze kwa kuomba kwa maandishi. Ujumbe wa simu au barua pepe unatosha: "Naomba nakala ya cheti cha usalama wa gesi cha mwaka huu." Ujumbe huo utunzwe, kwa sababu ndio ushahidi. Kama nyumba inasimamiwa na wakala, wote wawili waandikiwe.

Ikishindikana, malalamiko hupelekwa HSE, mamlaka inayosimamia afya na usalama kazini, au halmashauri ya eneo. Adhabu ya mahakama inaweza kuwa faini isiyo na ukomo au kifungo. Mtu akifa, mwenye nyumba anaweza kushtakiwa kwa kuua bila kukusudia.

Kinachowafunga wengi mdomo ni hofu ya kufukuzwa. England, Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 inaondoa utaratibu wa kumtoa mpangaji bila kutaja sababu, na tarehe iliyowekwa kwa wapangaji wa watu binafsi ni 1 Mei 2026. Anayeishi nyumba moja na mwenye nyumba hana kinga hiyo, na kwake busara ni kuomba cheti mwanzo kabisa, kabla pesa haijatoka.

Kwa ndugu aliyeko Dodoma au Kisumu mwenye mtoto aliyekwenda kusoma huko, kuna la kufanya kwenye simu ya jioni. Baada ya kuuliza amekula nini, amwulize pia boila ilikaguliwa lini na king'ora kinalia kikijaribiwa. Na akisema kichwa kinamuuma kila akiwa chumbani na kupoa akiwa darasani, asiambiwe anywe maji alale. Aambiwe atoke nje sasa hivi.