Reale ya Malkia na Gorogoro Yetu



Je, wajua kwamba karne ya 19 Waislamu wa Zanzibar, Mombasa na Lamu walifanya biashara kwa sarafu yenye sura ya malkia Mkristo? Ndiyo ile reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria. Waswahili waliiita reale ya Sham. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu ziliendelea kutengenezwa kwa sura ileile na tarehe ileile, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni, Uhabeshi na pwani yetu walishaizoea.

Wala halikuwa jambo geni. Zama za Mtume (S.A.W.), Makka ilitumia dinari za dhahabu za Warumi zenye sura za wafalme wao. Dinari ya maandishi matupu ililetwa na Khalifa Abdul-Malik bin Marwan, mwaka 77 Hijria. Kilichotazamwa ni uzito na usafi. Reale moja ilikuwa na gramu 28 hivi, na humo fedha safi ni gramu 23 na kitu. Kwa nisabu ya fedha ya gramu 595, mwenye reale 26 zikatimiza mwaka anatoa zaka.

Lakini hapa ndipo pagumu. Reale hiyohiyo ilinunua karafuu, pembe za ndovu, na binadamu pia, mpaka soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka 1873, enzi za Sultan Barghash. Misafara ya pembe ilifika hata huku kwetu, hadi Mumias kwa Nabongo Mumia. Huku ilileta nguo na shanga, faida ikahesabiwa pwani kwa reale. Na tuseme ukweli: waliouza watu, wengine walikuwa Waislamu wenzetu. Fedha safi, biashara chafu.

Sasa turudi sokoni Kitale na Bungoma. Noti ya shilingi haina tatizo. Lakini ile gorogoro ya mahindi iliyobonyezwa chini je? Kijana amefunga, usiku ameswali tarawehe, asubuhi anampunja mama anayetafutia watoto chakula! Suratul Mutaffifin inamhusu nani, kama si huyo?

Ndugu yangu, siku chache zijazo utapima nafaka ya Zakatul Fitr. Kipimo utakachompimia maskini kiwe ndicho unachompimia mteja.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.