Ufaransa na Umoja wa Ulaya: Mamlaka ya Taifa Ndani ya Muungano

Ufaransa ni miongoni mwa nchi sita zilizoasisi jumuiya ambayo baadaye ilikua na kuwa Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, nchi hiyo hiyo imewahi kuzuia hatua kubwa za muungano huo pale suala la mamlaka ya taifa lilipojitokeza.

Chimbuko la suala hilo ni Mapinduzi ya mwaka 1789. Azimio la Haki za Binadamu na Raia la mwaka huo lilitamka kuwa asili ya mamlaka yote imo katika taifa. Katiba ya mwaka 1958 nayo inaeleza kuwa mamlaka ya taifa ni ya wananchi, ambao huyatumia kupitia wawakilishi wao na kwa kura ya maoni.

Tarehe 9 Mei, 1950, Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Schuman, alipendekeza uzalishaji wa makaa ya mawe na chuma wa Ufaransa na Ujerumani Magharibi uwekwe chini ya chombo kimoja, ili vita kati ya nchi hizo visiwezekane tena. Mkataba wa jumuiya hiyo ulitiwa saini jijini Paris mwaka 1951. Mpango wa jeshi la pamoja, ulioanzishwa na Ufaransa yenyewe, haukufika mbali: tarehe 30 Agosti, 1954, Bunge la nchi hiyo liliukataa kwa kura 319 dhidi ya 264. Mwaka 1965, Serikali ya Rais Charles de Gaulle ilisusia vikao vya Baraza la Mawaziri la Jumuiya, ikipinga, pamoja na mambo mengine, maamuzi kupitishwa kwa wingi wa kura.

Mwaka 1992 Katiba ilirekebishwa ili Mkataba wa Maastricht uweze kuridhiwa. Marekebisho hayo yaliruhusu raia wa nchi nyingine wanachama wanaoishi Ufaransa kupiga kura katika chaguzi za manispaa, lakini si kushika nafasi ya meya. Marekebisho hayo hayo yaliandika kwa mara ya kwanza kuwa lugha ya Jamhuri ni Kifaransa. Tarehe 20 Septemba, wananchi waliukubali Mkataba kwa asilimia 51 tu ya kura.

Mwaka 2002, noti na sarafu za yuro zilichukua nafasi ya faranga. Tarehe 29 Mei, 2005, karibu asilimia 55 ya wapiga kura waliikataa Katiba ya Ulaya. Mkataba wa Lisbon, uliobeba sehemu kubwa ya maudhui yake, uliridhiwa mwaka 2008 kupitia Bunge, bila kura ya maoni, hatua ambayo wakosoaji waliiona kuwa ni kuwapita wananchi.

Kwa mujibu wa mikataba inayotumika sasa, uraia wa Umoja huongezwa juu ya uraia wa taifa na hauuondoi. Mfaransa ni raia wa Umoja wa Ulaya kwa kuwa ni raia wa Ufaransa.